Fundi wa Wiyoni na boti yangu ya sufuria

Ukiuliza Lamu nani anaweza kutengeneza jahazi lililooza mataruma, yaani mbavu zake, kila baraza itakupa jina, na baraza ya pili itakupa jina jingine na kulichekea lile la kwanza. Matondoni peke yake kuna mikono ya kutosha. Sasa uliza nani anaweza kutengeneza boti ya aluminiamu. Watu wataangaliana. Ndiyo sababu naandika: yuko mtu mmoja upande wa Wiyoni, kazi yake nimeilipia kwa fedha yangu, kwa hiyo nitaisifu inapostahiki sifa na isipostahiki nitasema vilevile. Jina silitaji kwa kuwa mwenyewe amekataa, anasema wateja alio nao wanamtosha. Utamjua kwa mwarobaini mkubwa na gogo lililo chini yake, ambako mashine za boti zimefungwa safu, nyingine hazina vifuniko.

Mimi nanunua kaa na kamba kutoka kwa wavuvi wa Mkanda (ule mlango mwembamba wa maji kati ya Manda na bara), Manda na vijiji vya Pate, nauza kwa mahoteli ya Shela na kwa wachuuzi wanaopeleka Malindi. Mwanangu wa pili ndiye nahodha. Kazi hii haitaki chombo kikubwa. Inataka chombo chepesi kisichozama sana, kwa sababu Mkanda maji yakipwa, hasa bamvua, mwenye chombo kizito hukaa juu ya tope na kungoja bahari irudi. Kaa huvumilia. Kamba akishapigwa na jua kwa muda amekwisha, na bei yake hufa naye.

Boti yenyewe ni ya futi 14, imeungwa kwa riveti, zile pini za kugongwa zinazoshika bati kwa bati, na ilikuja pamoja na mashine ya Yamaha Enduro 15, ile ya kuchanganya oili na petroli. Ilikuwa ya mzungu mmoja wa Shela aliyerudi kwao. Ililala pwani muda mrefu, kisha ikapita mikononi mwa watu wawili watatu ambao kila mmoja aliitengeneza kwa akili yake. Watoto wa mtaani waliiita Sufuria, kwa kuwa ndiyo aluminiamu wanayoijua wao, na jina limeganda. Watu wawili wenye nguvu wanaibeba kutoka majini. Dau la urefu huohuo lisingebebwa hivyo.

Kabla ya kufika Wiyoni nilisikiliza maoni. Mmoja alitaka kuifunika yote kwa faiba, ndani na nje. Mwingine alisema nimpe mtu wa kuchomea mageti aifunge matundu kwa siku moja. Wa tatu, mzee wa heshima ambaye majahazi anayajua kuliko mimi ninavyojua kaa, aliniambia niipake shahamu tu na nimtegemee Mungu. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe mwaka 2021, kila mwenye spana hapa mjini hujiona injinia, kwa hiyo ushauri haukukosekana.

Huyu wa Wiyoni hakutoa ushauri. Alitoa zile mbao za kukanyagia, akalala kifudifudi, akaingiza mkono ngamani, kule chini kabisa maji yanakokusanyika. Akatoa msumari wa shaba. Akaingiza tena, akatoa kipande cha waya wa umeme na mabonge ya saruji. Wahenga wamesema tezi na omo marejeo ni ngamani, na kwa Sufuria ngamani ndiko balaa lilikokuwa limekaa. Pale msumari ulipokuwa umelala palikuwa na tundu la kupitisha ncha ya kidole.

"Shangazi," akaniambia, "boti hii haikuchakaa. Imeliwa."

Akanieleza, na nitaeleza nilivyofahamu kwa kuwa mwenye boti ya namna hii asipolijua hili atalipa mara mbili. Maji ya chumvi yakikutanisha madini mawili, hufanya kazi ya betri. Yale dhaifu huyeyuka polepole na yale mengine husalimika. Aluminiamu ni dhaifu mbele ya shaba, mbele ya chuma, hata mbele ya stenlesi. Kwa hiyo msumari mmoja wa shaba uliosahauliwa ndani ya maji ya ngama utakula bati usiku na mchana na wenyewe hautapungua kitu. Rangi za chini ya boti zenye shaba, zile za kuzuia magamba ya bahari, zafaa kwa mbao na faiba. Kwa aluminiamu ni sumu.

Na shahamu je? Hapa alinifumbua macho hasa. Shahamu yetu ni mafuta ya mnyama na chokaa, na mbao huipenda. Majahazi yamepakwa hiyo tangu zama za mababu. Lakini aluminiamu hujilinda kwa ngozi nyembamba sana inayojifanyia yenyewe hewani, na chokaa huivua ngozi ile. Mmoja wa wenye boti wa kabla yangu aliipaka shahamu chini yote, kwa nia njema kabisa. Ilipokwanguliwa bati lilikuwa na vishimo vishimo, mkono ukipita unahisi. Saruji ni habari ileile, kwani nayo ina chokaa. Sasa kila nikiona mtu anasugua chombo cha aluminiamu kwa majivu nataka kumshika mkono.

Siku ya kutafuta matundu nilikwenda kwa makusudi nikae niangalie. Boti iliwekwa juu ya magogo, imeegemezwa vizuri, kisha wakatia maji ndani badala ya kuitia boti majini. Si maji mengi, ya kufika kifundo cha mguu tu, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja na bati kuukuu likilemewa hupinda. Halafu wote tukainama chini kutazama. Penye riveti iliyolegea panatoka tone, tone linakuwa mstari. Kijana wake mmoja alichukua penseli aweke alama, fundi akamnyang'anya. Risasi ya penseli nayo hula aluminiamu. Wakatumia chaki. Mimi hapo ndipo nilipomwamini, maana mtu anayeogopa penseli hawezi kuniachia msumari.

Riveti zilizolegea hakuzitoa zote. Zile zilizocheza kidogo alizigonga upya: mmoja yuko ndani ameshikilia chuma kizito juu ya kichwa cha riveti, mwingine yuko nje na nyundo, wanapiga kwa kusemezana. Zilizokwisha alizitoboa akatia mpya, nzima, zisizo na tundu katikati. Walionitangulia walikuwa wametia zile za kuvutwa kwa bunduki, za mafundi wa madirisha, na zile zina tundu, maji hupita katikati yake hata ukizikaza vipi. Kila riveti mpya ilichovywa kwanza kwenye gundi ya boti, ile inayobaki kuvutika haikauki ikapasuka.

Tundu la msumari na sehemu iliyoliwa zaidi alizikata zikawa na kingo safi, akaweka kiraka cha bati la aluminiamu la baharini kwa ndani, gundi katikati, riveti pembeni. Nilimuuliza kwa nini hachomi. Akanambia bati jembamba la zamani likichomwa hupasuka pembeni ya mchomo, na tena kuchomea aluminiamu kunataka gesi ya argoni na mtu aliyeizoea, si mashine ya mageti. Kitu kimoja tu kilihitaji kuchomwa, kile kibano cha mashine kilichokuwa kimeng'oka pembe, nacho alikipeleka Mokowe, kikapanda basi mpaka Mombasa kikarudi kimechomwa vizuri. Nauli ya kifurushi nililipa mimi. Sikinung'unikii hicho.

Ubao wa nyuma unaobeba mashine ulikuwa umeoza hadi unaubonyeza kwa kidole maji yanatoka. Nilitaka atie mbambakofi, mbao ya milango yetu, nikiamini haina mfano. Akakataa kwa uzito wake. Alitia plaiwudi ya baharini, tabaka mbili zilizogandishwa kwa epoksi, na kila ukingo na kila tundu la boliti alilipaka epoksi tena kabla ya kufunga. Akanionya nisije siku moja nikatia mbao zile za dawa ya kijani ya kuzuia mchwa: dawa ile ina shaba. Boliti ni stenlesi na chini ya kila moja pana washa ya plastiki, ili madini yasigusane. Ukipiga kiwiko kwenye ubao huo leo unaumia wewe.

Chini ya viti kulikuwa na sponji la kuelea lililonyonya maji miaka yote hiyo. Lilipotolewa boti ilipungua uzito hata mwanangu akacheka. Mahali pake pamefungwa mitungi mitupu ya lita 20, imezibwa sana na kukazwa kwa kamba. Si pazuri kutazama. Lakini boti ikijaa maji, kila mtungi unabeba karibu kilo 20, na mkaguzi wa Kenya Maritime Authority akiniuliza nitamwonyesha hiyo pamoja na jaketi za kuokolea, ambazo hizo hazina mjadala.

Rangi sasa. Rangi ni aibu. Ya kwanza, ile ya kushika bati, aliipaka mwenyewe baada ya kusugua kwa brashi ya stenlesi na kuosha, na imeshika barabara. Ya juu alimwachia kijana. Imetiririka, ubavu wa kulia una machozi, na buluu niliyochagua imetoka karibu na kijivu. Nilipomwambia alitazama boti, akatazama bahari, akasema samaki hawatasoma. Kwa mtu anayebeba watalii jibu hilo halitoshi. Kama wewe ni wa watalii, mwambie afanye bati na rangi utafute mtu mwingine.

Tuje kwenye mashine, na hapa ndipo pesa yangu ilipofanya kazi zaidi.

Ilikuwa haikojoi. Wenye boti wanaelewa: ule uzi wa maji unaotoka nyuma kuonyesha kwamba maji ya kupoza yanazunguka. Mashine isiyokojoa inajipika yenyewe. Fundi alianza kwa kupima mgandamizo wa silinda zote mbili kabla ya kununua hata nati moja, akanionyesha saa ya kipimo chake: moja 115, nyingine 110. "Moyo upo," akasema. "Kama moja ingesoma 60 ningekuambia uiuze chuma chakavu usinipotezee wakati." Nilipenda hilo. Fundi mwingine angeninunulisha spea kwanza, apime baadaye.

Chini, kwenye pampu ya maji, impela ya mpira, kile kigurudumu chenye mabawa kinachosukuma maji, ilikuwa imekauka, mabawa yamelala upande mmoja na mawili hayapo. Yale mawili yaliyokatika yalikuwa yamepanda na maji yakaziba njia juu, kwa hiyo kubadilisha impela bila kutafuta vipande kungekuwa kazi ya bure. Alifungua kichwa, na njia za maji zilikuwa zimejaa chumvi iliyokuwa jiwe. Alikwangua kwa kijiti, akaloweka kwa siki iliyozimuliwa, akasuuza kwa maji ya kisima cha Shela kwa kuwa ya kwake yana chumvi. Themostati mpya.

Impela ya kwanza niliyoleta ilitoka duka moja ambalo silitaji, limepakwa rangi nzuri. Fundi aliikunja kwa vidole, ikabaki na alama ya mkunjo. Akanirudishia. Ya kweli hukunjika na kurudi. Plagi pia aliziangalia hivyohivyo: anataka NGK B7HS-10, na ile 10 mwishoni maana yake nafasi ya cheche ni milimita 1, kwa hiyo anapima kwa kipimo chake hata kama zimetoka kwenye boksi.

Kabureta ilikuwa imeganda petroli ya zamani, rangi ya chai ya rangi. Vile vitundu vidogo vya ndani alivisafisha kwa uzi wa nailoni wa mshipi na upepo. Waya hautii, kwa sababu waya hupanua tundu na mashine itakunywa petroli maisha yake yote. Nimewaona mafundi wangapi wenye sindano mfukoni!

Oili ya gia ilitoka nyeupe, yaani maji yameingia. Kisa chake kilikuwa nyuma ya propela: mshipi wa nailoni umejizungusha kwenye shafti ukakata sili, ule mpira unaozuia maji kuingia. Kwa bahari yetu yenye nyavu na mishipi iliyotupwa kila mahali hili litakupata na wewe, kwa hiyo toa propela uangalie mara kwa mara. Alitia sili mpya na oili ya SAE 90, akiisukuma kutoka tundu la chini mpaka itokeze juu. Ukitia kutoka juu unafungia hewa ndani.

Na kile kipande cha zinki karibu na propela, ambacho kazi yake ni kuliwa ili mashine isiliwe, mtu alikuwa amekipaka rangi. Zinki iliyopakwa rangi haifanyi lolote. Alitia mpya, akamwambia mwanangu ikiisha nusu waje wabadilishe.

Kuhusu oili ya kuchanganya alikuwa mkali. Anataka oili ya mashine za boti iliyoandikwa TC-W3, si ile ya pikipiki wala tuktuk, lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili, na ipimwe kwa chupa yenye mistari. Mwanangu alikuwa anapima kwa kizibo. Hapimi tena.

Waliiwasha kwanza ndani ya pipa la maji matamu. Ilikohoa, ikatoa moshi wa kutosha kufukuza mbu wa Wiyoni nzima, halafu ikakojoa uzi mmoja mzuri ulionyooka. Kina mama waliokuwa wakipita walinicheka jinsi nilivyoshangilia. Wacheke.

Sasa malalamiko. Huyu bwana hajui saa wala mwezi. Aliniahidi boti kabla Shaaban haijaisha, na tulifuturu pale kwake katikati ya Ramadhani Sufuria ikiwa bado imelala kifudifudi. Simu hapokei akiwa kazini, na akiwa nyumbani pia hapokei. Risiti hana, anaandika kwenye daftari la shule. Lakini daftari lenyewe ni la kweli: kila spea imeandikwa bei yake, na vitu vyote vibovu alivyotoa alinipa kwenye gunia nikavihesabu mwenyewe. Kazi ya boti shilingi 25,000, vifaa vyake 16,500. Kazi ya mashine 10,000, spea 14,000. Jumla 65,500. Mashine mpya ya nguvu hii peke yake inapita laki mbili, kwa hiyo sikulipa vibaya, ingawa nilijaribu kumpunguza na akanipunguzia 500 tu, tena kwa kununa.

Tangu hapo boti inafanya kazi. Ngama ni kavu isipokuwa maji yanayoingia na kaa wenyewe. Mkanda tunapita maji yakiwa yamepungua kiasi ambacho jirani zetu wenye mashua wanatutazama tu. Mashine inashika kwa mvuto wa pili, wa kwanza kukiwa na joto. Kelele ipo, aluminiamu hupiga kelele kwenye vijiwimbi, na jua la saa sita hukaanga matako usipoweka mkeka. Nje ya mlango wa Shela kusi inapovuma sitii mguu na boti hii, wala fundi hakunidanganya kuwa inafaa. Ni chombo cha mikokoni na kati ya visiwa. Kwa nguru na jodari tafuta kitu kirefu zaidi.

Ningempa nyota nne kati ya tano. Ile moja aligawana kijana wa rangi na kalenda.

Mwenye kutaka kwenda: peleka boti kusi ikiwa kali, wakati hata hivyo hutoki, ukaichukue kaskazi ikianza, ndivyo ucheleweshaji wake hautakuuma. Malipo ya mbele anataka ya spea tu, usimpe zaidi. Spea za mashine nenda naye dukani mwenyewe. Na fika maji yakiwa yamejaa, kwa kuwa yakipwa mbele ya karakana yake kuna tope la kufika magotini na hakuna kijana wake hata mmoja atakayeingia kukusaidia kuvuta.